Kutoka Pap hadi Uwanja: Maana ya Viwanja vya Michezo kwa Jamii za Homa Bay na Migori

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utendaji haukamiliki bila fanani, hadhira, tukio na mahali. Mulokozi (1989), alipoainisha tanzu za fasihi simulizi, alizingatia umbile la kazi pamoja na muktadha wa uwasilishaji wake, na tangu hapo wahakiki wengi wa Kiswahili wameifuata njia hiyo. Hata hivyo, katika nguzo hizo nne, mahali ndipo panapopewa maelezo machache zaidi. Mifano inayotolewa madarasani ni ile ile: kando ya moto jikoni kwa bibi, chini ya mti wa wazee, jandoni, harusini, matangani. Uwanja wa michezo hautajwi, au ukitajwa huachiwa waandishi wa kurasa za nyuma za magazeti.

Makala haya yanakusudia kuuingiza uwanja katika orodha hiyo kwa kutumia mfano wa kaunti mbili za kusini mwa Nyanza nchini Kenya, yaani Homa Bay na Migori. Kaunti hizi zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, ambayo makao yake makuu yalikuwa mjini Homa Bay. Migori ilipata wilaya yake mwaka 1992, na baada ya Katiba ya 2010 kupitishwa zote mbili zikawa kaunti ambazo serikali zake zilianza kazi mwaka 2013. Hoja inayoongoza makala ni kwamba uwanja katika sehemu hizi ni mahali ambapo jamii hujisikiliza yenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo ni mahali panapogombewa na ukoo, na kiwanda na dola.

Uga, uwanja na pap

Kiswahili hakina neno moja tu la dhana hii. Uwanja ni mahali peupe palipo wazi, aghalabu mbele ya nyumba au baina ya nyumba; kiwanja ni kipande cha ardhi kilichopimwa ili kujengwa. Uga nao ni eneo wazi la nyumbani au kijijini ambapo watu hukutana, hucheza na hata kuanika nafaka. Watangazaji wa michezo nchini Kenya wamelipenda sana neno hili la mwisho, hata ‘ugani’ ikawa na maana ya ‘mchezoni’ kwa msikilizaji wa kawaida. Si jambo dogo. Maneno yote mawili, uwanja na uga, yana asili ya nyumbani. Kabla ya kuwa mahali pa wachezaji ishirini na wawili kwa mafungu mawili, uga ulikuwa mahali pa jirani na jirani.

Katika Dholuo neno linalotumika ni pap, yaani mbuga au eneo tambarare lililo wazi. Kwenye pap ndiko vijana walikoshindana katika olengo, ambayo ni miereka, na katika adhula, mchezo wa kupiga tufe kwa magongo unaofanana na mpira wa magongo wa leo. Watazamaji walisimama kwa mviringo. Hapakuwa na mlango, tiketi wala kiti cha mkubwa. Aliyeshinda hakunyamaza: alijisifu kwa majina ya kupanga, akajitaja kwa ukoo wake, kwa mama yake, kwa ng'ombe wa babu yake na kwa vilima vya kwao. Desturi hii ya kujisifu na kusifu wapendwa, ambayo Waluo huiita pakruok, ilistawi zaidi kwenye ngoma za nyatiti, ambako aliyetaka kujisifu alimtuza mpigaji ili asimamishe muziki na kumwachia nafasi. Mwanafunzi aliyesoma majigambo na vivugo atautambua utanzu huu papo hapo, ingawa hatakosa kuona tofauti moja: katika pakruok mwanahadhira hujinunulia zamu ya kuwa fanani.

Soka ililetwa na shule za misheni na utawala wa kikoloni, na pamoja nayo ukaja uwanja wa namna nyingine. Mviringo wa watu ukavunjwa. Upande mmoja ukajengwa jukwaa lenye paa na viti, na pande zilizosalia zikaachwa wazi kwa jua na mvua. Kwa hiyo, mtu anapoingia uwanjani hujua papo hapo cheo chake ni kipi, maana kivuli chenyewe humwambia. Wahandisi hueleza jambo hili kwa hesabu ya gharama, na bila shaka paa ni ghali. Lakini mhakiki wa fasihi hawezi kupuuza kwamba jukwaa kuu ni ishara inayosomeka hata na asiyejua kusoma.

Gor wa Kanyada

Haiwezekani kuzungumzia uwanja wa michezo kusini mwa Nyanza bila kumzungumzia Gor Mahia, na hapa anakusudiwa mtu kabla ya timu. Gor alikuwa mganga na kiongozi mashuhuri wa ukoo wa Kanyada, katika eneo la Homa Bay. Masimulizi humweleza kuwa aliyeweza kujigeuza: aliyemtafuta alimkuta mzee, akirudi akamkuta kijana, na wajumbe wa serikali ya kikoloni waliotumwa kumwona wakarejea kila mmoja na maelezo yake. Visasili vya namna hii vipo kote barani, navyo hushamiri hasa pale ambapo watawala wapya wanapodai kwamba kila mtu sharti awe na jina moja, umbo moja na anwani moja.

Mnamo Februari 1968 klabu ya kandanda iliyopewa jina la mganga huyo iliundwa kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars. Timu hiyo ilikuwa na makao jijini Nairobi, umbali wa mamia ya kilomita kutoka Kanyada, lakini jina lake la utani, K'Ogalo, humrudisha shabiki kwenye nasaba ya Gor. Kwa maneno mengine, klabu ilijengwa kama ukoo unavyojengwa: una babu, una jina la kusifia na una wana walioko mbali. Wakati serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipopiga marufuku vyama vya kikabila mwaka 1980, Abaluhya ikawa AFC Leopards na Luo Union, iliyokuwa imerejea ligini, ikawa Re-Union. Chama cha ustawi cha Luo Union kilivunjwa. Jina la mganga wa Kanyada, hata hivyo, liliendelea kuimbwa majukwaani kila wikendi, na hapana shaka kwamba kwa watu wengi wa Homa Bay na Migori waliohamia mijini, kwenda uwanjani kulishika sehemu ya nafasi iliyoachwa na chama hicho.

Jambo la kuvutia kwa msomaji wa jarida hili ni lugha ya mashabiki hao. Mojawapo ya majina ya sifa ya Gor Mahia ni Sirkal, neno la Dholuo lililokopwa kutoka ‘serikali’ ya Kiswahili. Jamii ambayo kwa muda mrefu ilijihisi kuwekwa nje ya serikali ya nchi ilijiundia serikali yake uwanjani, na ikaipa jina kwa Kiswahili. Mchuano kati ya Gor Mahia na AFC Leopards nao huitwa mechi ya mashemeji. Neno hilo limebeba maelezo ya miaka mingi ya kuoana na kutaniana kati ya Waluo na Waluhya, na utani, kama ajuavyo kila mwanafunzi wa isimujamii, ni ruhusa ya kusema lisilosemwa kwa mtu baki.

Tena ni Kiswahili kilichoufikisha uwanja nyumbani. Wengi wa waliofuatilia safari ya Gor Mahia ya mwaka 1987, iliyomalizika kwa sare ya 2–2 mjini Tunis na 1–1 jijini Nairobi dhidi ya Espérance, na kuipa klabu hiyo Kombe la Washindi barani Afrika kwa mabao ya ugenini, hawakuwa na tiketi wala televisheni. Walikuwa na redio. Sauti za watangazaji wa wakati huo, miongoni mwao Leonard Mambo Mbotela aliyefariki Februari 2025, ziliwafundisha wasikilizaji wa Rangwe, Ndhiwa na Uriri msamiati wa gozi, mkwaju, kabumbu na wavu kutikisika pasipo mwalimu wala kitabu. Mafunzo ya Kiswahili katika Nyanza yana historia ambayo haimo katika silabasi, nayo inapitia kwenye betri za redio.

Awendo: uwanja wa kiwanda

Ikiwa Gor Mahia ni uwanja wa ukoo, Awendo katika Kaunti ya Migori ni uwanja wa kiwanda. Kampuni ya Sukari ya South Nyanza ilianzishwa mwaka 1976, na ufupisho wa jina lake, SoNy, ukawa jina la klabu yake ya soka iliyochezea katika uwanja wa Green mjini Awendo. (Ni ajabu kidogo kwamba wilaya ya Nyanza Kusini ilipofutwa kwenye ramani, jina lake lilibakia kwenye mifuko ya sukari na kwenye fulana za wachezaji.) Mfumo huu wa klabu za makampuni ulikuwa umeenea: Chemelil, Muhoroni, Mumias na Nzoia kulikuwa na miwa na kulikuwa na mpira. Mkulima alipeleka miwa kiwandani, kiwanda kikalipa makocha na wachezaji, na siku ya mechi mkulima yule yule akaja kutazama sehemu ya jasho lake ikikimbia kwenye nyasi.

Kilele cha Awendo kilikuwa mwaka 2006. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi, ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi kuu mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005. Gor Mahia yenyewe ilikuwa katika ukame uliodumu tangu 1995 na ambao ungekoma mwaka 2013 tu. Katikati ya ukame huo, taji la taifa likatua katika mji mdogo wa miwa, kando ya barabara kuu inayoshuka hadi mpaka wa Tanzania. Mwaka uliofuata klabu ikaiwakilisha Kenya katika mashindano ya mabingwa wa Afrika. Historia ya soka ya Kenya, ambayo huandikwa kana kwamba Nairobi ndiyo nchi, haijalitendea haki tukio hili. Wapo wanaolieleza kama bahati ya msimu mmoja. Maelezo hayo hayatoshi, maana bahati haifui fulana wala haikati nyasi kwa miongo miwili. Kilichofanya hivyo ni mshahara wa kila mwezi na uwanja uliotunzwa.

Siku ambazo Gor Mahia ilizuru Awendo zinastahili utafiti wake peke yake. Kwa kanuni za ligi SoNy Sugar ilikuwa mwenyeji, lakini sehemu kubwa ya watu waliojaa uwanjani walikuja na rangi za kijani za mgeni. Mfanyakazi wa kiwanda aliyelipwa na SoNy alijikuta akiishangilia timu inayotaka kumfunga mwajiri wake. Katika istilahi za fasihi simulizi hadhira ilikuwa moja, lakini tukio lilikuwa na fanani wawili waliodai uaminifu wake, mmoja kwa damu na mwingine kwa riziki. Nyimbo ziliimbwa kwa Dholuo, kejeli zikarushwa kwa Kiswahili, na vijana wakachanganya zote na Sheng. Refa alitukanwa kwa lugha yoyote ile iliyotangulia kufika mdomoni. Miji ya Migori ni ya Waluo, Wakuria, Waluhya, Wakisii, Wasomali na wengineo, na ukaribu wa mpaka wa Isebania umekifanya Kiswahili kuwa lugha ya soko. Uwanjani kikawa pia lugha ya kumwonea mtu wa kabila jingine huruma anapofungwa, au ya kumcheka.

Kuporomoka kulikuja taratibu kisha kwa ghafla. Viwanda vya sukari vya umma vililemewa na madeni, wakulima wakakaa bila malipo ya miwa yao, na bajeti ya soka ikawa jambo la kwanza kupunguzwa. Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa ikiidhamini ligi kuu, ilijiondoa. Katika msimu huo wa 2019/2020, SoNy Sugar ilishindwa kufika kwenye mechi tatu na ikafukuzwa ligini. Chemelil Sugar ikashuka daraja katika msimu huo huo. Timu iliyokuwa bingwa miaka kumi na mitatu kabla haikuondolewa na bao. Iliondolewa na nauli.

Ni vyema kutua kidogo hapa. Fasihi simulizi ina istilahi za hadhira hai na hadhira tuli, za fanani anayekosea na fanani anayezomewa. Haina istilahi ya fanani ambaye hakufika. Katika Awendo jambo hilo lilitokea, na waliopoteza si wachezaji peke yao. Mama muuza mahindi ya kuchoma na njugu langoni, kijana wa bodaboda, mwenye chumba cha kulala wageni, mchoraji wa mabango: wote walikuwa na kalenda iliyopangwa kwa ratiba ya ligi.

Homa Bay: uwanja wa dola

Kwa muda wote wa uhuru hadi katikati ya miaka ya 2010, sherehe za kitaifa za Kenya zilifanyika Nairobi na wananchi wa mikoani wakasomewa hotuba ya rais na mkuu wa wilaya. Mwaka 2016 serikali ilianza kuzizungusha katika kaunti, Madaraka ya mwaka huo ikiadhimishwa katika uwanja wa Afraha mjini Nakuru. Tangu hapo, kila kaunti inayopewa sherehe hupata uwanja uliojengwa au kukarabatiwa kwa haraka: Kinoru mjini Meru, Bukhungu mjini Kakamega, Gusii mjini Kisii mwaka 2020, Mamboleo mjini Kisumu mwaka 2021. Juni 1, 2025 zamu ikawa ya Homa Bay, na mada ya siku hiyo ilikuwa uchumi samawati, kama ilivyofaa mji ulio ukingoni mwa ziwa. Uwanja wa mji huo ulijengwa upya na kupewa jina la Raila Odinga, ambaye mwenyewe alihudhuria sherehe hizo.

Utaratibu huu una sura mbili. Kwa upande mmoja, uwanja ambao pengine ungesubiri miaka mingi hupatikana kwa miezi michache. Kwa upande mwingine, hupimwa kwa mahitaji ya siku moja: gwaride lipite wapi, jukwaa la viongozi litazame upande gani, magari yaingie kwa lango lipi. Maswali ya mchezaji, kwa mfano maji ya kumwagilia nyasi mwezi Januari au chumba cha wasichana cha kubadilishia nguo, huja baadaye, ikiwa yatakuja. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1998, alidai kwamba dola nayo ni fanani, na kwamba dola na msanii hushindania mahali pa kutendea. Alijua alichokisema, kwani ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ, ambako wanakijiji waliigiza mwaka 1977, ulibomolewa na serikali mwaka 1982. Ngũgĩ alifariki Mei 28, 2025, siku nne kabla ya gwaride la Homa Bay.

Msikilizaji makini wa sherehe hizi hugundua pia mgawanyo wa lugha. Kwa muda mrefu imekuwa desturi kwa rais kusoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, kisha kuiweka kando na kuzungumza kwa Kiswahili bila kusoma. Sehemu ya kwanza ndiyo inayohifadhiwa kwenye kumbukumbu za serikali. Ya pili ndiyo inayoujibu uwanja, na ndiyo inayopigiwa makofi, vigelegele au miguno. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini kwenye jukwaa la Madaraka bado lugha hizo mbili hazijakaa kiti kimoja. Upinzani nao haukubaki nyuma. Otieno Kajwang', aliyekuwa mbunge wa Mbita na kisha seneta wa Homa Bay hadi kifo chake mwaka 2014, alijulikana kote nchini kwa kuongoza wimbo wa mapambano kwa Kiswahili katika mikutano ya hadhara. Mwanasiasa wa Kiluo aliyetaka uwanja mzima wa Kenya uitikie hakuwa na lugha nyingine ya kuchagua.

Majina, matanga na maombolezo

Majina ya viwanja ni maandishi makubwa kuliko yote ambayo mji huwa nayo, na viwanja vya Kenya vimeandikwa kwa wingi na watawala: Kenyatta, Moi, Nyayo. Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1983, ulipewa jina la kauli mbiu ya Moi. Wakati huo Raila Odinga alikuwa korokoroni, akihusishwa na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Angekaa kizuizini bila kuhukumiwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo jina lake lilipoandikwa kwenye uwanja wa Homa Bay akiwa hai, wakazi wengi waliona kama deni lililolipwa. Si vibaya kuliona hivyo. Lakini pana hoja ya upande wa pili ambayo haifai kunyamaziwa: mji uliomzaa Gor, mtu ambaye jina lake lilipewa klabu bila amri ya ofisi yoyote, sasa nao umeingia katika desturi ya kuviita viwanja kwa majina ya wanasiasa.

Oktoba 15, 2025 Raila alifariki nchini India. Yaliyofuata yalionyesha uwanja ni nini kuliko nadharia yoyote. Serikali ilikuwa imepanga umma umtazame katika majengo ya Bunge. Umati uliojitokeza ulikuwa mkubwa mno, na mwili ukapelekwa kwenye uwanja wa Kasarani. Huko polisi walifyatua risasi, na watu wasiopungua watatu wakapoteza maisha. Siku iliyofuata, Oktoba 17, ibada ya kitaifa ilifanyika katika uwanja wa Nyayo. Mtu aliyekuwa kizuizini uwanja ule ulipofunguliwa aliagwa humo na taifa zima, chini ya jina la sera iliyomfunga. Oktoba 18 mwili ulipelekwa Mamboleo, Kisumu, ambako waombolezaji kutoka pande zote za Nyanza walikesha na kufurika, na Oktoba 19 akazikwa Bondo. Viwanja vitatu kwa siku tatu, kabla ya kaburi moja.

Kwa asiyejua mila, kumwomboleza mtu katika uwanja wa mpira huonekana kama ukosefu wa heshima, au dharura ya nafasi tu. Kwa Waluo mambo ni tofauti. Katika desturi ya tero buru, wanaume huchukua ng'ombe, ngao, mikuki na matawi ya miti, wakatoka mbio na vishindo hadi mahali pa wazi nje ya boma ili kukifukuza kifo, kisha wakarudi nyumbani kwa mfiwa wakiimba na kumsifu marehemu. Leo pikipiki na honi zimechukua nafasi ya mikuki. Kwa hiyo pap imekuwa siku zote mahali pa mashindano na pia mahali pa kupigana na mauti. Waliopuliza vuvuzela na kupunga matawi mle uwanjani hawakuwa wamechanganya mechi na matanga. Walikuwa wamerudi kwenye matumizi ya zamani ya uwanja.

Siku zisizo na sherehe

Ni rahisi kwa makala ya aina hii kushughulikia siku kubwa tu. Siku nyingi za uwanja ni ndogo. Asubuhi hutembelewa na watu wanaokimbia kwa ajili ya afya, adhuhuri na mbuzi waliopita chini ya ua, alasiri na watoto wa shule. Mwezi wa mashindano ya shule za sekondari huleta nyimbo ambazo hazipatikani kwingine, kwa kuwa kila shule huja na watunzi wake, na wimbo wa mwaka jana hufanyiwa ukarabati ili kumkejeli mpinzani wa mwaka huu. Usiku wa mahubiri ya injili uwanja huwa kanisa, na wakati wa kampeni huwa bunge. Wasichana wanaocheza kandanda na netiboli bado hupewa saa ambazo wavulana hawazitaki, na jambo hili halijapata mtetezi wa kutosha miongoni mwa wale wanaousifu uwanja kama mali ya wote.

Tanzu zinazozaliwa humo ni nyingi kuliko zinavyokusanywa. Kuna nyimbo za kejeli, kuna lakabu za wachezaji, ambazo aghalabu ni sitiari fupi zilizokamilika, na kuna methali zilizogeuzwa kusudi. Kuna pia masimulizi ya uchawi wa goli, hirizi iliyozikwa chini ya mlingoti au kipa aliyeona mipira miwili, ambayo ni wajukuu halali wa masimulizi ya Gor wa Kanyada. Mwanafunzi wa uzamili anayelalamika kwamba fanani wa ngano wamekwisha kufa vijijini angeweza kwenda na kinasa sauti kwenye uwanja wa Migori Jumamosi moja alasiri. Atahitaji idhini ya kuwarekodi, bila shaka, na moyo wa kuvumilia matusi.

Sheria nayo ina neno. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti jukumu la michezo, burudani ya umma, shughuli za kitamaduni na majengo yake. Kwa hiyo uwanja wa Homa Bay una mlezi anayejulikana, anayeweza kuulizwa maswali kwenye bunge la kaunti na kupigiwa kura au kunyimwa. Uwanja wa kiwanda hauna utaratibu huo. Mnamo Mei 2025 serikali ilivikodisha viwanda vinne vya umma vya sukari, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na SoNy, kwa kampuni za kibinafsi kwa muda wa miaka 30. Mijadala ya hadhara kuhusu hatua hiyo ilihusu madeni ya wakulima, mishahara ya wafanyakazi, mashamba na mitambo, na ni haki iwe hivyo, maana njaa haingoji. Lakini watoto waliozaliwa Awendo mwaka ambao SoNy Sugar ilitwaa ubingwa sasa wanakaribia kutimiza miaka ishirini, umri wa mchezaji wa ligi kuu. Mkodishaji atasaga miwa. Kuna kipande cha ardhi chenye milingoti miwili kila upande ambacho hakisagi chochote, na watu wa Awendo wanajua nyasi zake hukua haraka sana baada ya mvua za masika.